Mapatano, Milki na Rehani: Msamiati wa Kiswahili Mbele ya Sheria ya Nyumba ya England

1.0 Utangulizi

Mapatano, arubuni, kodi ya ardhi, rehani, ukombozi: maneno haya yamo katika Kiswahili tangu zamani, wala hayamsumbui mzungumzaji yeyote. Ugumu huanza pale yanapotumiwa kueleza ununuzi wa nyumba katika England, ambako dhana zilizo nyuma yake zimejengwa na historia nyingine. Mzungumzaji wa Kiswahili aishiye huko hulisikia neno alijualo, akadhani kuwa ameijua na sheria yenyewe. Makala haya yanachunguza maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wanunuzi na waweka rehani, na yanakusudia kuonyesha kwamba hatari kubwa zaidi humkabili mtu aliyeyaelewa maneno kwa maana ya nyumbani kuliko yule asiyeyaelewa kabisa. Sheria inayozungumziwa ni ya England na Wales. Scotland ina utaratibu wake.

2.0 Mapatano si mkataba

Swali la kwanza ni hili: bei ikishakubaliwa, je, nyumba imekwisha kuuzwa? Katika mazoea ya soko la Waswahili, watu wawili wakipatana bei na mnunuzi akatoa arubuni, jambo limeshikwa. Anayelivunja huonekana amevunja ahadi. Katika England, kukubaliwa kwa bei hakumfungi yeyote. Sheria ya mwaka 1989 inataka mkataba wa kuuza ardhi uwe katika maandishi, ukusanye masharti yote waliyokubaliana, na utiwe saini na pande zote mbili. Kabla ya hapo muuzaji anaweza kumgeukia mnunuzi mwingine mwenye bei ya juu, na mnunuzi naye anaweza kujitoa. Gharama alizokwisha kuzilipia kwa mkaguzi na mwanasheria hazirudi.

Kifungo huja siku ya kubadilishana mikataba, yaani wakati nakala mbili zinazofanana, kila moja ikiwa na saini ya upande mmoja, zinapobadilishwa. Hapo ndipo arubuni, ambayo kwa desturi ni asilimia 10 ya bei, inapolipwa. Na mnunuzi akishindwa kukamilisha baadaye, anaweza kuipoteza. Kwa hiyo arubuni ya England haifungui mapatano, bali huyafunga. Mambo yote yenye mashaka hayana budi kumalizwa kabla yake: mkopo uwe umeidhinishwa kwa maandishi, na uchunguzi wa kumbukumbu za serikali ya mtaa na za maji uwe umejibiwa.

Aidha, kanuni ya msingi humtaka mnunuzi ajihadhari mwenyewe. Muuzaji akiulizwa haruhusiwi kusema uongo, lakini kwa kawaida halazimiki kuutaja kwa hiari yake ubovu wa paa au ukuta. Tathmini inayofanywa kwa ajili ya mkopeshaji nayo haitoshi, kwani shabaha yake ni kujua kama nyumba inatosha kuwa dhamana ya deni.

3.0 Nyumba na ardhi yake

Tangu Sheria ya Mali ya mwaka 1925, milki za kisheria juu ya ardhi ni mbili: milki huru, isiyo na ukomo, na milki ya muda, yenye idadi maalumu ya miaka. Nyumba nyingi za ghorofani huuzwa kwa milki ya muda.

Msomaji kutoka Mombasa atakumbuka hapa utaratibu wa nyumba bila ardhi, ambapo mtu hujenga na kumiliki nyumba juu ya kiwanja cha mwingine na kumlipa kodi ya ardhi. Mfanano upo, lakini unapotosha. Katika Mombasa, nyumba na ardhi huhesabiwa kuwa mali mbili zenye wenyewe wawili. Katika England, kilichojengwa juu ya ardhi huwa sehemu ya ardhi. Anayenunua milki ya muda amenunua miaka, na miaka ikiisha milki humrudia mwenye ardhi. Ndiyo maana swali la kwanza kwa mnunuzi huyu ni miaka iliyosalia, kwa sababu kadiri inavyopungua ndivyo thamani inavyoshuka na wakopeshaji wanavyosita. Swali la pili ni gharama za huduma za jengo. La tatu ni kodi ya ardhi: sheria ya mwaka 2022 iliiondoa, isipokuwa kwa jina tu, katika mikataba mipya iliyo mingi ya muda mrefu, lakini haikuigusa mikataba ya zamani.

4.0 Kuweka rehani na kukomboa

Neno rehani, lenye asili ya Kiarabu, humleta mbele ya macho mtu anayekabidhi kitu, tuseme mkufu wa dhahabu, kwa anayemkopesha, nacho hukaa huko hadi deni lilipwe. Rehani ya nyumba katika England haimhamishi mtu wala haikabidhi nyumba. Mkopaji hubaki kuwa mmiliki na mkaazi. Mkopeshaji huandikishwa katika daftari la ardhi kuwa ana dhamana juu ya nyumba hiyo, pamoja na uwezo wa kuiuza deni lisipolipwa. Anapotaka kumtoa mkopaji nyumbani, kwa kawaida huenda mahakamani, na sheria ya mwaka 1970 inaipa mahakama uwezo wa kuahirisha jambo hilo ikiwa mkopaji anaelekea kuweza kulipa malimbikizo katika muda wa kadiri.

Hata hivyo, kitenzi kukomboa kinafaa mno. Sheria ya England imeilinda kwa karne nyingi haki ya mkopaji ya kukomboa mali yake kwa kulilipa deni, na haikubali sharti linaloifuta haki hiyo. Kuweka rehani upya, basi, ni kuikomboa nyumba kutoka kwa mkopeshaji wa kwanza kwa fedha za wa pili. Maswali yake ni kama kuna faini ya kulipa mapema, na kama fedha za ziada zitakazotolewa ni za nani na za kazi gani. Swali hilo la mwisho ndilo zito kuliko yote.

5.0 Mkaazi asiyeandikwa

Mwaka 1980 Baraza la Malodi, ambalo hadi mwaka 2009 lilikuwa mahakama ya mwisho ya rufani, liliamua kesi ya Williams & Glyn's Bank dhidi ya Boland. Nyumba iliandikwa kwa jina la mume peke yake. Mke alikuwa amechangia fedha za kuinunua na alikuwa akiishi humo. Mume aliiweka rehani, na benki haikumuuliza mke. Ikaamuliwa kwamba haki ya mke, kwa kuwa alikuwa mkaazi, iliifunga benki. Tangu hapo wakopeshaji huwataka watu wazima wote wanaoishi nyumbani watie saini hati ya kukubali kwamba haki ya mkopeshaji iitangulie yao. Karatasi inayoonekana kuwa ya kawaida, basi, huenda ndiyo inayoiondoa kinga ya mama mwenye nyumba.

Mwaka 2001, katika kesi ya Royal Bank of Scotland dhidi ya Etridge, Baraza hilo lilieleza wajibu wa mwanasheria anayemshauri mke anayedhamini deni la mumewe. Aonane naye uso kwa uso, mume asiwepo. Amweleze hati ni za nini na hatari yake ni kubwa kiasi gani. Amweleze wazi kwamba ana hiari ya kukataa. Na yote hayo ayaseme kwa lugha isiyo ya kitaalamu.

Sharti hili la mwisho linawahusu moja kwa moja wanaisimu. Kwa mke ajuaye Kiswahili tu, lugha rahisi ya Kiingereza si maelezo. Na mume akiwa ndiye mkalimani, amerudi chumbani alimotolewa. Hata mkalimani mwingine, akisema tu kwamba nyumba inawekwa rehani, huenda mke akaelewa kuwa ni jambo la muda, kama mkufu utakaorudi. Tafsiri aminifu hapa ni ndefu: deni hili lisipolipwa, nyumba hii yaweza kuuzwa nawe ukatolewa, na unaweza kukataa.

6.0 Hitimisho

Imedhihirika kwamba Kiswahili hakikupungukiwa na maneno ya kueleza ununuzi wa nyumba. Kinachohitajika ni kuyapa maneno hayo mipaka yake mapya: mapatano yasiyofunga, arubuni inayokuja mwisho, milki inayohesabiwa kwa miaka, na rehani isiyohama lakini iwezayo kuwahamisha wenyewe. Kazi ya mtunga istilahi haikomi kwenye orodha ya visawe. Huishia pale mtu mwenye kalamu mkononi anapojua anachotilia saini.