Akiba ya Vitu Vidogo Nyumbani

Mkulima wa Kiirua, katika nchi ya Buuri chini ya Mlima Kenya, ajua kuweka akiba ya mambo makubwa. Huchagua viazi vya mbegu kabla ya kuuza vingine, tena huhifadhi mahindi na maharagwe ya kula mpaka msimu ujao. Lakini nyumba hiyo hiyo yenye magunia ya chakula yaweza kulala gizani na katika baridi kali kwa kukosa njiti moja ya kiberiti. Vitu vidogo, kwa kuwa bei yake ni ndogo, havifikiriwi mpaka siku vinapokosekana; na mara nyingi hukosekana usiku, duka limefungwa, mvua inanyesha na njia imejaa matope.

Sababu ya pili ya kuweka akiba ni fedha. Mkulima wa viazi hapati fedha kila mwezi. Huzipata kwa wingi wakati wa mavuno, kisha hukaa muda mrefu bila kuuza kitu. Katika muda huo hununua sukari kwa vipimo vidogo vidogo na mafuta ya taa kwa kikombe, na anayenunua hivyo mara nyingi hulipa zaidi kwa kitu kile kile. Basi wakati wa kununua akiba ni siku ile viazi vinapouzwa, kabla fedha hazijatawanyika.

Vitu vifuatavyo vyafaa kuwapo daima katika kila nyumba.

1. Kiberiti na taa. Viberiti viwekwe katika mkebe wenye kifuniko, mbali na unyevu na mahali ambapo watoto hawafiki. Wenye umeme wasijidanganye kwamba jambo hili haliwahusu. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulikatika karibu Kenya nzima, na sehemu nyingi zilikaa gizani kwa saa nyingi. Aliyekuwa na mishumaa, au tochi na betri za akiba, hakuhangaika. Mwenye taa ya mafuta na awe na utambi wa pili na kioo cha pili, kwani kioo hupasuka bila kutoa habari.

2. Chumvi na sukari. Hivi si vya jikoni tu. Mtoto anayeharisha hupoteza maji na chumvi ya mwili upesi sana, naye aweza kufa kwa sababu hiyo kabla ya kufikishwa kwa mganga. Dawa iliyo bora ni pakiti za chumvi maalumu zitolewazo katika zahanati, nazo yafaa ziwekwe mbili nyumbani. Zikikosekana, chukua lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, utie vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, visizidi. Mtoto anyweshwe kidogo kidogo kila mara, na anayenyonya aendelee kunyonya. Maji yaliyobaki baada ya siku moja yamwagwe. Lakini mtoto akishindwa kunywa, akilegea, macho yakiingia ndani, au akitoa choo chenye damu, asingojewe nyumbani, bali apelekwe hospitali mara moja. Watu wa Kiirua wana bahati ya kuwa na Hospitali ya Misheni ya St. Theresa karibu nao.

Chumvi ya chakula nchini Kenya hutiwa iodini kwa amri ya sheria, ili kuzuia uvimbe wa shingo na kulinda akili za watoto. Iodini hupungua chumvi ikiachwa wazi penye jua au unyevu. Kwa hiyo chumvi ya akiba ifunikwe vizuri.

3. Sabuni. Nyumba isiyo na sabuni haina ulinzi dhidi ya kuhara. Mikono yapaswa kuoshwa kwa sabuni baada ya kutoka chooni na kabla ya kupika, kula au kumlisha mtoto. Mche wa sabuni ukikatwa vipande na kukaushwa kivulini hukaza, nao hauyeyuki upesi. Basi sabuni ya akiba haiharibiki, bali hudumu zaidi inapotumiwa.

4. Sindano, uzi na kitambaa safi. Sindano moja hupotea kila siku; nunua kadhaa. Iwepo pia shazia, yaani sindano kubwa ya kushonea magunia, pamoja na uzi wake, kwani gunia lililopasuka mbele ya lori la mnunuzi ni hasara. Kitambaa kilichofuliwa na kukaushwa juani kikunjwe na kuwekwa mahali safi kwa kufunga jeraha.

Lakini si kila kitu kifaacho kurundikwa. Mafuta ya taa yawe machache, mbali na moto, wala yasitiwe kamwe katika chupa ya soda, kwa maana mtoto huyanywa akidhani ni kinywaji. Dawa za hospitali zilizobaki zisiwekwe kumpa mgonjwa mwingine. Dawa ya klorini ya kusafishia maji hupoteza nguvu ikikaa sana. Itazamwe tarehe yake.

Ni kiasi gani kinachotosha? Mwenye nyumba na ahesabu. Ikiwa kiberiti kimoja huisha kwa siku tano, basi mwezi mmoja wataka viberiti sita, na hicho ndicho kipimo cha akiba yake. Afanye vivyo hivyo kwa sabuni, chumvi na sukari. Kisha ashike kanuni moja: siku ya kufungua akiba ndiyo siku ya kupanga kununua nyingine, wala si siku inapokwisha. Kilichonunuliwa kwanza kitumiwe kwanza, na kipya kiwekwe nyuma.

Bwana na bibi wa nyumba na wakubaliane jambo hili pamoja, na watoto waonyeshwe mahali akiba ilipo, ili hata usiku mkono uweze kuifikia. Wahenga walisema kwamba akiba haiozi. Kwa familia yenye mtoto mdogo, kijiko cha chumvi na vijiko vichache vya sukari vyaweza kuwa akiba kubwa kuliko ghala zima la viazi.