SOMO LA LEO: SPESA NA NATI ZISIZOONEKANA



Siku hizi vikundi vingi vya wakulima vinachanga fedha na kununua gari lililotumika, kama vile Hiace, la kubebea mazao na watu. Leo tusome juu ya kipande kimoja cha chuma ambacho mara nyingine huja na gari kama hilo, na wenye gari hawana habari nacho. Mafundi wanakiita spesa.

Spesa ni kipande cha mviringo chenye matundu. Hukaa kati ya habu na rimu, na kazi yake ni kusogeza tairi nje. Ukiweka spesa ya sentimita 3 kila upande, upana kati ya matairi unaongezeka sentimita 6. Watu huiweka hasa wakifunga matairi makubwa, ili yasikwaruze springi kwa ndani. Na kweli, gari lililopanua miguu halipinduki upesi.

Lakini wako wanaosema spesa inainua gari. Hapana! Kimo ni kile kile. Jiwe lililogusa tumbo la gari jana litaligusa na leo.

Sasa fikirini mzigo. Shika ndoo ya maji karibu na mwili. Haya, nyoosha mkono. Maji ni yale yale, lakini bega linalia. Bega la gari ni beringi.

Spesa ziko za namna mbili. Ya kwanza ni sahani nyembamba inayochomekwa kwenye bolti za gari, kisha nati zinarudishwa pale pale. Hapa tupige hesabu. Bolti nyingi za magari haya zina unene wa milimita 12. Nati ikizunguka mara 1 inaingia milimita 1 na nusu. Ili ishike vizuri, izunguke mara 8 hivi, yaani milimita 12. Kama ilikuwa na mizunguko 8, sahani ya milimita 6 imekula 4. Imebaki nusu tu! Kwa hiyo fundi akifunga, simama karibu uhesabu.

Ya pili ni nene, ina bolti zake. Inafungwa kwenye habu kwa nati za kwanza, kisha rimu inafungwa kwenye spesa kwa nati za pili. Hii ni afadhali, kama imetengenezwa kiwandani kwa gari la aina hiyo na tundu la katikati halichezi. Zile zinazokatwa kwa gesi nyuma ya gereji msizikubali. Shida ni kwamba nati za kwanza zimejificha nyuma ya rimu.

Sisi yametukuta. Tulikuwa tunarudi kukagua madarasa, gari limejaa, usukani ukaanza kutetemeka. Dereva akashuka, akajaribu nati kwa spana, akasema ziko sawa. Tukaendelea. Mara tukaona tairi linatutangulia barabarani. Kumbe ni letu! Tulipoliokota lilikuwa na spesa yake, na nati za nje zote zimekaza. Zilizolegea ni zile za ndani. Bahati palikuwa tambarare, akina mama waliokuwa nyuma wakapata michubuko tu.

Kwa hiyo, kabla ya kufunga spesa, futa kutu, rangi na udongo kwenye habu. Kaza nati kwa kuruka, moja huku na nyingine ng'ambo, si kwa kufuatana. Nguvu yake? Kwa bolti ya milimita 12, ukiwa na spana ya nusu mita, bonyeza kwa uzito wa kilo 20 hivi, karibu debe moja la mahindi. Yule kijana wa kilo 70 anayepanda juu ya spana na kurukaruka anavuta bolti zaidi ya mara 3 ya kipimo, na bolti iliyovutwa hivyo hukatika.

Gari likishatembea kilomita 80 hivi, piga jeki, vua tairi, kaza nati za ndani. Usukani ukitetemeka, fanya hivyo hivyo hapo hapo.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Gari la kikundi chenu lina spesa? Nani amevua tairi akaona kwa macho yake?

2. Spesa ya sentimita 4 kila upande inaongeza upana sentimita ngapi?

3. Sahani ya milimita 3 inakula mizunguko mingapi ya nati?