Ukingo wa Ukoka

Mtu akipanda ukoka mbele ya nyumba, shule au baraza, hufurahi kuuona umeenea kama zulia. Lakini ukoka haujui mpaka. Hutambaa juu ya nchi, na tena hupita chini ya udongo. Na kila kifundo chake kigusapo udongo chaweza kuota. Asiyeuwekea ukingo ataukuta katika matuta ya mboga, ukiinyang'anya miche maji na chakula chake. Basi yafaa tuzijue namna za kufanya ukingo, na mahali ipasapo kila moja.

Namna ya kwanza ni mfereji, nao hauna gharama. Piga vigingi viwili, funga kamba, uivute hata inyoke. Kisha kwa koleo kali kata upande wa ukoka wima, kina cha inchi 6, na upande wa tuta uutelemshe kidogo kidogo. Mzizi utakaovuka utaonekana wazi, nawe utaukata. Mfereji wafaa katika udongo mzito, mahali tambarare. Lakini wataka mtunzaji: wakati wa mvua utazamwe kila baada ya majuma mawili.

Namna ya pili ni matofali au mawe. Haya yafaa katika mchanga, kama ule wa pwani, ambako mfereji hubomoka upesi. Matofali yawe ya kuchoma, maana mabichi huyeyuka kwa mvua. Yazikwe yakishikamana sana, kwani ukoka hupenya penye nafasi; na juu yawe sawa na ardhi, ili fyekeo lisiyagonge. Kupaka mawe chokaa hupendeza macho, wala hakuzuii mizizi.

Wengine hutumia mbao, lakini mchwa huzila. Wengine huzika chupa. Zikivunjika huwakata miguu watoto.

Penye mteremko, jihadhari. Mfereji unaoshuka pamoja na mteremko hukusanya maji ya mvua, na baadaye huwa korongo liwezalo kuchukua udongo wote mzuri wa bustani. Hapo tumia mawe, au chimba mfereji ukikingama mteremko.

Tena, vipande vya ukoka vilivyokatwa visitupwe katika matuta, kwa kuwa vitaota upya. Vianikwe juani hata vikauke kabisa.

Basi atakaye ukingo asiangalie tu uliopendeza kwa jirani, bali ajiulize mambo matatu: udongo wangu ni wa namna gani? Nchi yangu ni tambarare au imeinama? Na nani atakayeutunza? Akiisha kuyajibu hayo, atajua la kuchagua. Naye asikawie, kwani kung'oa mzizi mmoja leo ni kazi ya mkono mmoja, lakini kulisafisha tuta zima lililokwisha kuingiwa ni kazi ya siku nyingi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.