MBOLEA YA NAITROJENI NA MTAMA WA MALISHO

Mtama watu wengi waujua kwa ugali na kwa pombe, lakini zipo aina zipandwazo kwa ajili ya majani na mabua yake, ili kulisha ng'ombe wa maziwa. Katika nyanda za juu za Kenya zimo mbili zijulikanazo kwa namba: E6518, iliyo ndefu na ikawiayo kukomaa, na E1291, itoayo nafaka na malisho pamoja. Wafugaji huuliza kama mbolea ya dukani yaifaa mimea hiyo. Yafaa sana, walakini ina hatari ndani yake, nayo ndiyo iliyotufanya tuandike.

Katika kila sehemu 100 za hewa, kama 78 ni naitrojeni, lakini mtama hauwezi kuivuta hewani kwa majani yake. Huitafuta ardhini kwa mizizi. Ikipungua, majani ya chini hugeuka manjano kuanzia ncha. Ikitosha, majani huwa mapana na ya kijani kibichi, shina hurefuka, na protini huzidi katika malisho.

Aina zote hazili sawasawa. Ile ndefu hukaa shambani siku nyingi, basi hutumia mbolea nyingi. Ya muda mfupi hushiba mapema, na kizidicho huchukuliwa na mvua. Tena kwa kila aina kilo za kwanza huzaa kuliko kilo za mwisho, na mtama uliozidishiwa huangushwa na upepo. Ni afadhali kugawanya: nusu baada ya palizi ya kwanza, nusu baada ya kukata, ili machipukizi yapate nguvu.

Walimu wawape wanafunzi hesabu hii. Mfuko wa urea wa kilo 50 una naitrojeni kilo 23. Mfuko wa salfeti ya amonia wa uzito uo huo una kilo 10 na nusu tu. Basi bei ya mfuko peke yake si kipimo. Urea ifukiwe, maana ikiachwa juu ya udongo sehemu yake hupanda hewani.

Sasa hiyo hatari. Mtama mchanga una kitu ambacho tumboni mwa ng'ombe hugeuka kuwa sumu ya sayanidi, na naitrojeni nyingi huiongeza, hasa wakati wa ukame. Shamba lipendezalo macho laweza kuua ng'ombe kwa dakika chache. Mifugo isiingizwe kabla mtama haujafika sentimita 60, wala katika machipukizi mafupi, wala wakiwa na njaa kali. Mnyama akihema mbio na kupepesuka, wengine waondolewe mara moja na Bwana Mifugo aitwe upesi.

Kukausha majani vizuri juani hupunguza sayanidi. Lakini iko sumu ya pili, naitreti, ikusanyikayo katika sehemu ya chini ya bua pale mbolea ilipozidi na mvua ikakatika. Hiyo haiondoki kwa kukausha. Kwa hiyo mkataji apandishe panga, aache kisiki kirefu, na mvua ikirudi baada ya ukame angoje wiki nzima au zaidi kabla ya kukata.