SOMO LA AFYA: UGONJWA UNAOKULA VIUNGO VYA MIKONO



Mwaka uliopita, sisi wa interna tulizoea kumucheka mama mupishi wetu. Asubui alituomba tumufungulie bidoni ya mafuta, na kukamua kitambaa kulimushinda. Lakini saa ine, mikono yake ilitumika vizuri. Tulisema: "Huyu mama iko na uvivu wa asubui." Wengine walisema ni uzee, wengine walisema alirogwa. Yeye alimeza aspirini na kunyamaza. Alipofika kwa muganga, mwaka muzima na nusu ulikwisha kupita, na radio ilionyesha matundu katika mifupa ya vidole. Ndiyo sababu tunaandika somo hili.

1. Ugonjwa huu ni nini?

Watu wanaita kila maumivu ya viungo "rumatisimu". Lakini rumatisimu kuko namna mingi. Ile ya mama wetu waganga wanaiita poliartriti ya rumatoidi. Haiambukizi, na haitoki kwa uchawi. Askari wa mwili, wale wanaopigana na mikrobi, wanakosea adui na kushambulia viungo vyetu wenyewe. Wanawake wanaipata mara 2 ao 3 kupita wanaume, na tumbako inazidisha hatari yake. Si ya wazee tu: hata kijana anaweza kuipata.

2. Namna gani mufupa unaharibika?

Mukikula kuku, angalieni mwisho wa mufupa: kuko kitu cheupe, laini. Ile ni gegedu. Ndani ya kiungo kuko tena ngozi nyembamba inayotoa maji ya kulainisha. Katika ugonjwa huu, ngozi ile inavimba, inanenepa, inatambaa juu ya gegedu na kuila kidogo kidogo.

Mufupa nao si jiwe, uko na uzima. Ndani yake kuko chembe za kubomoa, jina lao osteoklasti, na chembe za kujenga, osteoblasti. Kwa mutu mwenye afya kazi zao zinalingana, kama waashi wanaotoa tofali bovu na kutia jipya. Lakini ngozi iliyovimba inaamsha wabomoaji wengi na kuzuia wajengaji. Kwanza, mufupa karibu na kiungo unapunguka uzito. Kisha matundu yanaanza pembeni, pahali gegedu haifuniki. Tundu likiisha kuingia, kwa kawaida halizibiki tena.

3. Juu ya nini tusikawie?

Kwa wagonjwa wengi wasiotunzwa, matundu yanaanza katika miaka 2 ya kwanza. Aspirini na ibuprofeni zinatuliza maumivu, lakini hazizuii wabomoaji. Mutu anaona nafuu, kumbe mufupa unaendelea kuliwa. Kortizoni, iliyojaribiwa kwa ugonjwa huu mara ya kwanza katika mwaka 1948 kule Marekani, inashusha uvimbe upesi. Lakini ukiimeza siku nyingi, yenyewe inadhoofisha mifupa. Dawa inayotumika sana kwa kuzuia ugonjwa wenyewe ni metotreksati. Inamezwa mara moja kwa juma, hapana kila siku: kuimeza kila siku kunaweza kuua. Mwanamuke mwenye mimba haruhusiwi kuitumia, na damu inapaswa kupimwa. Basi, musiinunue ovyo sokoni.

4. Dalili za kuangalia

– Viungo vidogo vya vidole, vya mikono ao vya miguu, vinavimba, mara nyingi pande zote mbili.
– Asubui mikono ni migumu, inapita nusu saa ao saa moja.
– Hali hii inapita majuma 6.

Maumivu ya uzee mara nyingi yanazidi kisha kazi na kupunguka kwa kupumzika. Haya yetu yanazidi kisha kulala. Ukiona dalili hizi nyumbani, peleka mugonjwa kwa muganga mbele ya miezi 3 kupita. Hata kama radio haionyeshi kitu, asirudi kulala: mwanzoni matundu hayajaonekana.

Mama wetu anatumia dawa sasa. Uvimbe umeshuka, lakini vidole viwili vimebaki vimepinda. Tulimuomba musamaha. Bidoni tunaifungua mbele hajauliza.

MAULIZO
1. Osteoklasti inafanya kazi gani katika mwili wenye afya?
2. Juu ya nini kutuliza maumivu peke yake hakutoshi?
3. Nani kwenu anaamuka na mikono migumu?