Kufundisha Ukoo katika Madarasa ya Chini

Mtoto wa kike wa miaka sita akiulizwa kama ana kaka, humtaja Juma. Akiulizwa kama Juma naye ana dada, yamkini atajibu kuwa hana. Jean Piaget, mtaalamu wa Uswisi, alieleza majibu ya namna hii katika kitabu chake cha mwaka 1924. Mtoto huyo si mjinga, wala hasemi uwongo. Bado anautazama ukoo kutoka pale aliposimama yeye, na hajajihesabu kuwa ni dada wa mtu.

Kwa hiyo twaona haifai kuanza somo kwa kuandika ubaoni orodha ya shangazi, mjomba na mama mdogo ili ikaririwe. (Orodha hukaririwa upesi, na mkaguzi hufurahi.) Tuwaite mbele watoto watatu: mmoja awe bibi, wa pili binti yake, wa tatu mtoto wa kaka wa binti huyo. Kila mmoja aseme amwitaje huyo binti. Kwa bibi yeye ni mwana, kwa mtoto ni shangazi. Akiongezwa mke wa kaka, atakuwa wifi. Kisha wabadilishane nafasi. Swali gumu liachwe nyuma: bibi alipokuwa na umri wenu, alikuwa mjukuu wa nani? Wengi watacheka, kwani hawajapata kufikiri kuwa bibi aliwahi kuwa mtoto.

Mwalimu asichore baba, mama na watoto wawili akasema hiyo ndiyo familia. Huenda darasani yumo anayelelewa na bibi peke yake. Huyo aanze na bibi, wala asidaiwe mbele ya wenzake kueleza walipo wazazi wake.