Kondensa ya Kiyoyozi: Dalili za Ubovu na Namna ya Kuushughulikia

Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia Dodoma, makazi mapya yameongezeka jijini na pembezoni mwake, na viyoyozi vimekuwa vitu vya kawaida majumbani. Pamoja navyo limekuja tatizo linalojirudia kila msimu wa joto: kiyoyozi kinawaka, kinanguruma, lakini chumba hakipoi. Jibu la haraka linalotolewa mara nyingi ni kwamba gesi imeisha. Mwenye nyumba hulipia gesi, na baada ya miezi michache hulipia tena. Somo hili linaeleza kwa nini mahali pa kwanza pa kutazama ni sanduku la nje, na hasa kondensa iliyomo ndani yake.

Kazi ya kondensa

Kiyoyozi hakitengenezi ubaridi, bali huhamisha joto. Ndani ya chumba, gesi hupita katika mabomba na kufyonza joto la hewa. Kompresa, iliyomo katika sanduku la nje, huikandamiza gesi hiyo mpaka iwe na joto kuliko hewa ya nje. Kisha gesi huingia kwenye kondensa, yaani mabomba membamba yaliyopenyezwa katika vibati vingi vya alumini. Pangaboi hupitisha hewa kati ya vibati hivyo, joto huchukuliwa, na gesi hugeuka kuwa kimiminika kabla ya kurejea ndani. Joto lisipopata njia ya kutoka nje, ubaridi haupatikani ndani.

Mazingira ya uwanda wa kati huifanya kazi hiyo kuwa ngumu zaidi. Mvua za Dodoma hunyesha hasa kati ya Desemba na Aprili. Miezi mingine ni ya ukavu, na pepo za kipupwe hurusha vumbi jingi. Vumbi hilo huziba nafasi kati ya vibati. Aidha, mji upo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kuliko ya pwani na hubeba joto kidogo zaidi kila inapopita. Kondensa chafu huilazimisha kompresa kufanya kazi kwa muda mrefu na kwa shinikizo kubwa, mpaka iungue. Kompresa ikiungua, gharama yake huweza kukaribia bei ya kiyoyozi kipya.

Dalili za kuangalia

1. Hewa ya ndani ni vuguvugu hasa mchana, lakini usiku kiyoyozi hupoza vizuri. Hii ni ishara ya kondensa iliyozibwa na vumbi au iliyokosa nafasi ya kupumua.

2. Uniti za LUKU huisha upesi kuliko kawaida ilhali matumizi mengine hayajabadilika.

3. Sanduku la nje linanguruma lakini pangaboi halizunguki. Mara nyingi kapasita au mota ya pangaboi imeharibika. Kiyoyozi kizimwe mara moja, kwa kuwa kompresa huungua upesi bila pangaboi.

4. Swichi ya umeme inajikata kila kiyoyozi kinapowashwa, au kuna harufu ya waya kuungua. Swichi isirudishwe kwa nguvu wala isibadilishwe kwa kubwa zaidi, kwani kufanya hivyo ni kukaribisha moto.

5. Madoa ya mafuta yanaonekana kwenye maungio ya mabomba, au bomba linaganda barafu. Madoa huashiria uvujaji wa gesi. Barafu yaweza kutokana na gesi kupungua au chujio la ndani kuwa chafu.

Kazi ya mwenye nyumba

Usafi wa juu juu hauhitaji fundi. Kwanza, kiyoyozi kizimwe, kisha umeme wake ukatwe kwenye swichi kuu. Vumbi kavu liondolewe kwa brashi laini kwa kufuata mwelekeo wa vibati, ambavyo hupinda kwa urahisi. Ndipo maji yamwagwe taratibu kutoka juu kwenda chini, bila shinikizo kubwa. Maji ya visima katika sehemu nyingi za Dodoma yana chumvi, ambayo hubaki kwenye vibati na kuila alumini. Maji ya mvua yaliyovunwa ni bora zaidi. Kifaa kiachwe kikauke kabla ya kuwashwa.

Kifuniko cha sanduku kisifunguliwe na asiye fundi. Kapasita huhifadhi umeme hata baada ya swichi kukatwa, na huweza kumjeruhi vibaya anayeigusa.

Nafasi nayo izingatiwe. Nyumba nyingi huweka kizimba cha chuma kuzuia wizi. Kizimba cha nondo zilizoachana hakina madhara, lakini kilichozibwa kwa bati hurudisha hewa ya moto kwenye kondensa. Kuni, magunia na maua yasisogezwe karibu. Kivuli kinafaa mradi kisizuie hewa. Umeme ukikatika na kurudi, ni vema kusubiri dakika 5 kabla ya kuwasha.

Suala la gesi

Gesi ya kiyoyozi huzunguka katika mfumo uliofungwa. Haitumiki ikaisha kama mafuta ya gari. Ikipungua, ipo inapovujia. Kwa hiyo fundi anayependekeza kuongeza gesi aombwe kwanza aonyeshe tundu, alizibe, aondoe hewa katika mabomba kwa pampu, kisha apime gesi kwa mizani kulingana na kibandiko cha kifaa. R-22, R-410A na R-32 hazichanganywi, na R-32 huweza kushika moto.

Gesi isiachiwe hewani. R-22 huharibu tabaka la ozoni na inaondolewa sokoni hatua kwa hatua chini ya Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987, ambayo Tanzania ni mwanachama wake. Anayenunua kiyoyozi kilichotumika asome kibandiko kwanza, kwa sababu gesi hiyo itazidi kuadimika. Kazi ya gesi ifanywe na fundi aliyesomea majokofu na viyoyozi, fani inayofundishwa na VETA. Kazi ya nyaya ifanywe na fundi umeme mwenye leseni ya EWURA.

Wakati unaofaa

Ukaguzi ufanyike Septemba, kabla ya joto la Oktoba na Novemba, na urudiwe katikati ya kiangazi kwa nyumba zilizo kando ya barabara za vumbi. Utaratibu huo huo unazifaa stoo za dawa za zahanati zenye viyoyozi, kwa kuwa dawa nyingi hutakiwa kuhifadhiwa chini ya nyuzi joto 25 au 30. Huko, kondensa iliyosahaulika huharibu dawa zinazosubiriwa na wagonjwa.